FreeCell ni bao la karata

Katika ofisi za klaringi, za kutoa mizigo bandarini, nilizopitia hapa Mombasa, kompyuta zote zilikuwa na michezo ileile na watu wote walikuwa na mazoea yaleyale. Solitaire ilichezwa mpaka kipanya kikachubuka. FreeCell ilifunguliwa na kufungwa papo hapo. Mtu aifungua, aona karata 52 zimemkodolea macho zote kwa pamoja, aona vyumba vinne vitupu juu kushoto, asogeza karata tatu nne, akwama, asema mchezo huu hauna bahati, arudi kwenye Solitaire yake.

Mimi nasema, na nimelisema kwa miaka kwa yeyote aliyeketi meza ya jirani: huo waliokuwa wakiufunga ndio mchezo bora kuliko yote iliyowahi kuwekwa ndani ya kompyuta ya ofisi. Sababu yake sisi watu wa pwani twaijua, maana tumekulia nayo barazani. FreeCell ni bao.

Kwanza nieleze kwa nini Solitaire si bao, kwa sababu najua wapenzi wake ni wengi na wengine ni ndugu zangu. Mchezo ule ulikuja na Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeuandika, Wes Cherry, alikuwa mwanafunzi aliyekuja Microsoft kujifunza kazi tu, na picha za karata alizichora Susan Kare. Watu walikuwa hawajazoea kipanya bado, na kuburura karata kutoka safu hii hadi ile kulizoesha mikono yao bila wao kujua kwamba wanafundishwa. Kama somo la kipanya, sina neno. Lakini tazama meza yenyewe: safu saba, karata 28, na katika hizo 21 zimelala kifudifudi. Nyingine 24 ziko kwenye rundo la pembeni. Unapoanza, unaona saba peke yake. Ukishindwa hujui kama umekosea wewe au ree yako, ile karata ya moja, ilikuwa imezikwa pasipofikika tangu mwanzo. Waweza kucheza vizuri kabisa ukashindwa, na waweza kucheza ovyo ukashinda. Kwangu mimi mchezo wa namna hiyo unapumzisha, lakini haufundishi.

Hata hivyo, kwa anayeucheza, shika mambo mawili tu. Ukiwa na njia mbili za kufunua karata, fungua safu iliyoficha nyingi zaidi. Na usikomboe safu ikawa tupu kama huna kingi wa kuweka pale, kwa sababu hakuna karata nyingine inayoruhusiwa kukaa hapo. Mengine ni bahati yako.

Sasa nirudi kwenye bao.

Kazi yetu ya klaringi, nusu yake ni kungoja. Hati zimetumwa, ushuru umelipwa, kontena liko Kilindini, mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya robo saa, na mtandao umezama. Huna la kufanya. Katika kungoja huko ndipo nilipoanza kuicheza FreeCell, na nilicheza vibaya kama wote. Alikuwako mzee mmoja ofisini, tukimwita Ami, aliyekuwa akitubebea hati kati ya ofisi na bandari. Jioni alikuwa na kiti chake kwenye baraza moja ya Kibokoni, na pale hakuna aliyemkaribia kwa bao. Kompyuta hakuijua na hakuitaka. Siku moja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa chungu, akatazama muda mrefu.

"Hizi karata zote zaonekana?"

"Zaonekana zote, Ami."

"Hapana iliyofunikwa?"

"Hapana."

"Na huyo unayecheza naye yuko wapi?"

"Hayuko. Ni mimi na karata."

"Basi mbona wakimbia, mwanangu? Nani akufukuza?" Akaushika mkono wangu, akautoa juu ya kipanya, akauweka mezani. "Tazama kwanza. Hesabu. Kisha ndipo uguse."

Nilikuwa nimecheza mamia ya mara na sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Anayelijua bao la Kiswahili ataelewa aliona nini. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hakuna kete hata moja ya siri. Bingwa wa bao hana macho ya ajabu. Yeye amehesabu: kete hizi zikianza kichwa cha kushoto, shimo la mwisho upande huo, zitaishia wapi, zitakula nini, zitazunguka tena mpaka zilale wapi. Mpinzani wake anaviona vitu vilevile. Aliyeshindwa anajua ameshindwa na nini. Ndiyo maana watu wakitoka barazani wanabishana juu ya mtaji mmoja, yaani hatua moja ya kula kete, mpaka usiku, kwa sababu upo mtaji wa kubishaniwa. Katika mchezo wa bahati mtabishana juu ya nini?

FreeCell ni vivyo hivyo. Karata zote 52 zinagawiwa wazi kwenye safu nane, nne zenye karata saba na nne zenye sita. Kazi yako ni kuzipandisha kwenye mirundo minne ya juu, kila aina (shupaza, kopa, uru, pau) peke yake, kuanzia ree mpaka kingi. Kwenye safu unapanga kwa kushuka, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Na una vile vyumba vinne, kila kimoja chaweka karata moja, yoyote.

Hivyo vyumba ndivyo vinavyowaua watu. Mgeni anaviona ni nafasi za bure, anavijaza, kisha anatafuta pa kupumulia. Chumba ni mkopo. Kabla hujaweka karata ndani yake uwe umeshajua itatokea wapi, itatua juu ya nini, baada ya hatua ngapi. Kama jibu huna, usiiweke. Ami alivifananisha na nyumba katika bao, lile shimo ambalo hupendi kulivunja kwa papara, kwa sababu likishavunjwa nguvu yako yote imetawanyika ubaoni na mwenzako anajua.

Hesabu yake ni hii, na nakuomba uishike kichwani kwa sababu ndiyo moyo wa mchezo. Vyumba vyote vinne vikiwa vitupu, waweza kuhamisha karata 5 zilizopangika kwa mpigo mmoja. Vikibaki viwili, ni 3. Kikibaki kimoja, ni 2. Lakini ukiwa na safu moja tupu kabisa, idadi hiyo inazidishwa mara mbili: vyumba viwili na safu tupu moja vinakupa 6, vyumba vinne na safu tupu moja vinakupa 10. Safu tupu mbili zinazidisha mara mbili tena. Kwa hiyo safu tupu si sawa na chumba cha tano, kama wengi wanavyodhani. Ina thamani zaidi mno, na kuitupia tano ya uru iliyokosa pa kukaa ni israfu. (Ila kama unaihamishia karata kwenye safu tupu hiyohiyo, haihesabiki.) Mimi safu tupu naipigania mapema, na nikiipata naishikilia mpaka nione ni kingi gani wa kumpa, na kingi mwenyewe awe na kwini wa kumfuata.

Nionyeshe kwa mfano badala ya maneno matupu. Kila mgao wa FreeCell ya Windows una nambari, na nambari 1 ni ileile kwangu na kwako. Ifungue. Safu ya sita kutoka kushoto ina saba ya kopa, kwini wa pau, ree ya shupaza, ree ya pau, mbili ya pau, na mwisho, iliyo huru, tatu ya uru. Ree mbili zimekaa pamoja chini ya karata mbili tu. Tatu ya uru iweke chumbani, mbili ya pau chumbani, ree ya pau inapanda, mbili yake inaifuata na kukiacha chumba, ree ya shupaza inapanda. Umepandisha karata tatu na chumba kilichobaki na mtu ni kimoja. Vizuri.

Sasa safu hiyo imebaki na kwini wa pau na saba ya kopa, na hapa ndipo mkono unapowasha. Kwini aingie chumbani, saba ya kopa ikae juu ya nane ya pau iliyo huru kwenye safu ya saba, na umepata safu tupu! Tazama kwanza. Chini ya nane hiyo ya pau kuna ghulamu wa kopa, kuna nne ya uru, na chini yake kuna ree ya kopa. Umeifungua safu moja kwa kuibebesha mzigo ile yenye ree unayoitaka. Sisemi usifanye. Nimefanya na nimeshinda, na nimefanya na nimekwama. Nasema ujue umelipa nini. Ghulamu yule wa kopa, kwa mfano, anamngojea kwini wa pau, huyo huyo uliyemtia chumbani, na kumi ya pau iliyo huru kwenye safu ya nane inamngojea ghulamu. Ukishaliona hilo, ile safu tupu unaanza kuitazama kwa jicho jingine: pengine mwenyewe wake ni kwini.

Na jambo moja zaidi katika mgao huohuo. Ree ya uru iko safu ya tano, imelaliwa na karata nne, na mgeni ataichimba kwa sababu ni ree. Lakini mbili ya uru iko wapi? Iko chini kabisa ya safu ya pili, imelaliwa na karata sita, na mbili kati ya hizo ni kingi. Kuifungua ree hiyo mapema kutakupa karata moja juu, kisha uru itasimama. Vyumba vyako vimekwisha kwa kitu kisichoendelea. Siku hizi kabla sijagusa chochote natafuta mbili kwanza, ree baadaye, kwa sababu mbili ndiyo inayoniambia ni aina gani itakayochelewa. Aina itakayochelewa naiacha, na karata zake nazitumia kama ngazi za kushushia nyingine.

Vilevile usikimbilie kupandisha kila kinachopandishika. Sita nyekundu ikishapanda juu, tano nyeusi imekosa pa kutua. Ree na mbili pandisha bila kufikiri. Kuanzia tatu, fikiri.

Ofisini tulikuwa na desturi ambayo hadi leo naikumbuka kwa mapenzi. Asubuhi mmoja aliandika nambari kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ukutani kando ya kalenda, na siku hiyo sote tulicheza mgao huo. Unabonyeza F3, unaandika nambari, basi. Mtandao ukirudi tunafanya kazi, ukizama tunarudi kwenye nambari. Saa saba, tukishuka kula viazi vya karai, mazungumzo yalikuwa ni hayo: wewe ulimtoaje yule kingi wa shupaza? Mbona mimi ile nane ilinizibia? Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika kucheza peke yangu. Anayecheza mgao mpya kila mara anasahau makosa yake, kwa sababu yameondoka na karata. Rudia nambari uliyoshindwa. Irudie mpaka ujue ni hatua ipi iliyokuvunja, na mara nyingi utakuta ni ya tano au ya sita, siyo ya mwisho uliyokuwa ukiilaumu.

Siku moja ukutani palikuwa na 11982. Nilicheza siku hiyo, nikacheza kesho yake, nikacheza na siku ya tatu, na nyumbani usiku nilikuwa naziona karata zile nikifumba macho. Mwenzangu aliyeiandika ndiye aliyenifichulia. Mchezo huu asili yake ni Paul Alfille, aliyeuandika mwaka 1978 kwenye kompyuta za PLATO, mfumo wa kufundishia wa enzi hizo. Jim Horne akauleta kwenye Windows, na ndani yake mlikuwa na migao 32,000. Mwaka 1994 Dave Ring aliwakusanya watu wa kujitolea kupitia intaneti, wakagawana migao yote hiyo ili waitatue mmoja mmoja. Wakaitatua yote isipokuwa mmoja. Ni 11982, na baadaye kompyuta zilizojaribu kila njia zilikuta kweli haina njia.

Nilikasirika kwa siku zangu tatu. Kisha hasira ikaniondoka, nikakaa nikawaza ile hesabu upande wa pili. Kama ni mmoja tu katika 32,000, basi 31,999 ina njia. Kila mgao nilioufunga nikisema karata zimekataa, njia ilikuwepo mbele ya macho yangu, karata zote zikiwa wazi, na sikuiona. Nilipomweleza Ami alicheka kwa furaha. Akasema bao lake la Kibokoni halijawahi kumfanyia heshima kama hiyo, ya kumhakikishia kuwa njia ipo.

Kuna mchezo mmoja tu mwingine ninaouheshimu karibu na huo, nao ni ule wa kutegua mabomu, Minesweeper. Unaficha, lakini nambari zake, kila moja ikihesabu mabomu yanayoigusa, hazisemi uongo. Kiwango cha juu kina miraba 480 na mabomu 99, na bofyo la kwanza, katika ule wa Windows, halilipuki. Wengi wanabofya kwa kubahatisha mahali ambapo jibu limeandikwa. Jifunze sura mbili tu utapanda daraja. Ukiona moja, mbili, moja zimepangana sambamba na ukuta wa miraba iliyofungwa, mabomu yako mbele ya zile moja, na mbele ya mbili ni salama. Ukiona moja, mbili, mbili, moja, mabomu yako mbele ya zile mbili. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine unafika mwisho ukabakia na miraba miwili na bomu moja na hakuna nambari ya kukusaidia. Hapo bahati imerudi kwa mlango wa nyuma. Ukiona pembe kama hiyo mapema, bahatisha mapema. Ni uchungu mkubwa kuteketea baada ya dakika kumi kwa jambo lililokuwa likikungojea tangu dakika ya kwanza.

Ninachokichukia ni hii michezo ya peremende na vito kwenye simu. Najua imewashika watu wengi, vivukoni Likoni utaona vidole vinateleza kwenye vioo safari nzima. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na maisha matano, yakiisha angoje nusu saa kupata moja, au alipe. Aliniambia, "Mjomba, ngazi hii ni ngumu, nimebakisha hatua mbili tu kila mara." Nikaketi naye tukatazama. Peremende mpya zinazoshuka kutoka juu hakuna anayeziona kabla hazijashuka. Huwezi kuhesabu. Huwezi kurudia ngazi ileile na karata zilezile ukaona ulikosea wapi, kwa sababu mara ya pili zinashuka nyingine. Na palepale unaposhindwa kwa hatua mbili, kitufe cha kununua hatua tano kimejitokeza, kikubwa, cha kijani. Pesa za bando zilikuwa zikienda, na za kitufe zikafuata. Mtoto mwenye akili zake timamu alikuwa anajiona mjinga kwa kushindwa jambo ambalo halikuwekwa lishindwe kwa akili.

Hilo ndilo linaloniuma. Akili ya mtoto inataka kufanya kazi, na imepewa kitu kisichoweza kufanyiwa kazi. Kwenye mgao wa FreeCell akishindwa, amejifunza. Kwenye bao akishindwa, amejifunza. Kule akishindwa amejifunza kulipa.

Tangu Windows 8, mwaka 2012, ile michezo ya zamani haikuja tena ndani ya kompyuta kama zamani, na iliporudi ilirudi na matangazo. Lakini FreeCell ya bure ipo tele, ya kompyuta na ya simu, na nyingi zinatumia nambari zilezile za migao ya Windows. Tafuta isiyohitaji intaneti, usitafute yenye mapambo.

Nilimwekea mpwa wangu moja kwenye kompyuta yangu ya zamani mwezi wa kaskazi, nikamwandikia nambari 1 kwenye karatasi. Ilimchukua siku nne. Saba ya kopa aliiweka juu ya nane ya pau, akakwama, akairudia, akakwama, akairudia, kisha jioni moja nikasikia kiti kinaburutwa kwa kelele. Sasa yuko nambari 4. Nilipita nyuma yake jana na nikaona wazi wapi anazibiwa. Nikafungua mdomo, akainua mkono bila kugeuka.

"Usiniambie, mjomba. Zaonekana zote."